Mhariri, minyoo hawakai tumboni tu

Ndugu Mhariri,

Kwanza hongereni kwa ile makala ya kikohozi sugu, niliisoma yote mpaka mwisho na nikaitupia kwenye grupu la familia. TB mmeieleza vizuri, pumu, moshi, sigara, asidi ya tumbo kupanda kooni, hata zile dawa za presha zinazomletea mtu kikohozi mmezitaja, na hapo mmenifurahisha maana wengi hawajui. Ila kuna mahali mmenikwaza. Mmesema mtu akipimwa TB akaonekana hana basi afikirie pumu au aleji, alafu kwenye kile kisanduku cha pembeni minyoo mmewapanga pamoja na magonjwa ya tumbo ya watoto. Mimi ni mtu wa maabara, maisha yangu mengi nimeyapitisha nimeinamia hadubini nikiangalia makohozi, choo na damu za watu, na nawaambia hapo msomaji mmemwacha njiani.

Chukulia hawa minyoo wa mviringo, askarisi, ambao wengine wanawaita chango. Mtu anameza mayai yake kwenye chakula kisichooshwa au mikono yenye udongo, mayai yanaanguliwa kwenye utumbo mdogo, sasa unadhani wale watoto wanatulia hapo hapo? Wapi. Lava wanatoboa ukuta wa utumbo, wanaingia kwenye damu, wanapita kwenye ini, wanapita kwenye moyo, wanasukumwa mpaka mapafuni na huko wanakaa kama siku 10 hadi 14 wakikua, wakishapata nguvu wanatoboa vile vifuko vya hewa na kupanda na njia ya hewa mpaka kooni, unawameza na mate bila kujua, ndo wanashuka tumboni kwa mara ya pili na sasa wanakuwa minyoo kamili. Jike anaweza kufika hata sentimita 35 na kutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Kwa hiyo yule mnyoo mnayemwita wa tumbo alipitia kifuani kwanza, na huko kifuani hakupita kimya kimya.

Na hii sio nadharia ya vitabuni tu. Mwaka 1916 Mwingereza mmoja anaitwa Stewart alionyesha kwamba lava wa askarisi wakimezwa na panya wanaenda mapafuni, watu wakabaki wanabishana kama kwa binadamu ni hivyo hivyo. Basi mwaka 1922 daktari wa Kijapani, Shimesu Koino, akaamua kumaliza ubishi kwa mwili wake mwenyewe, akameza mayai kama 2000 ya askarisi wa binadamu, naye akampa mdogo wake mayai kama 500 ya askarisi wa nguruwe. (Sijui walizungumzaje mezani siku hiyo hao ndugu wawili.) Koino akaugua kifua vibaya kama mtu wa nimonia, homa, kukohoa, kubanwa pumzi, na alipochunguza makohozi yake akawakuta lava humo wamejaa. Mpaka leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ingemfukuza mlangoni, ila jibu alilipata.

Miaka kumi baadaye, 1932, daktari wa Uswisi Wilhelm Löffler akaeleza wagonjwa ambao eksirei za kifua chao zilikuwa na mawingu mawingu yanayohama, leo yako huku wiki ijayo yako kule, na damu zao zimejaa aina moja ya seli nyeupe. Mgonjwa anakohoa kikavu, anakoroma kifuani kama mwenye pumu, pengine na homa kidogo, na baada ya wiki chache anapona mwenyewe. Hali hiyo ndo inabeba jina lake mpaka sasa, na minyoo wanaopita mapafuni ni moja ya sababu zake kubwa.

Sasa hapa nataka wasomaji wanielewe vizuri maana ndo penye mtego. Mtu anakohoa, anakoroma kifua, daktari mjanja anasema hebu tupime choo tuone kama kuna minyoo, choo kinaletwa maabara, tunaangalia, hamna kitu, tunaandika hakuna mayai yaliyoonekana, basi minyoo wanafutwa kwenye orodha. Lakini fikiria ile safari. Wakati lava wako mapafuni hakuna mnyoo mkubwa tumboni wa kutaga, mpaka mayai ya kwanza yaonekane kwenye choo ni miezi miwili hadi mitatu tangu siku ya kumeza, na kikohozi kilishaondoka zamani. Choo kinakuwa safi kabisa katika siku zile zile ambazo mapafu ndo yanateseka. Majibu yetu yanakuwa sahihi na bado yanapotosha, na kosa sio la mashine wala la aliyepima, ni kwamba swali limeulizwa kabla ya wakati wake.

Safura nao wana safari inayofanana, tofauti ni mlango wa kuingilia. Hawa lava wao wanakaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, wanatoboa ngozi, hasa ya miguu iliyo peku, wanaingia kwenye damu, mapafu, koo, tumbo. Hilo nalo liligunduliwa kwa ajali, mwaka 1898 Cairo kule Misri, Mjerumani Arthur Looss alikuwa anafanya majaribio na lava wa safura, maji yenye lava yakamdondokea mkononi, akawashwa, pakawa pekundu, na baada ya wiki kadhaa akayakuta mayai ya safura kwenye choo chake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama bilioni 1.5 duniani wana minyoo inayotokana na udongo, nusu ya hao tu wakipita hatua ya mapafu hata kwa wiki moja hebu piga hesabu ni vikohozi vingapi vinapewa antibayotiki bila sababu.

Kwa askarisi na safura niseme ukweli, hatua ya mapafu mara nyingi inapita yenyewe na haiui mtu. Kama ingekuwa hao tu nisingewaandikia barua ndefu hivi. Kilichonikalisha chini kuandika ni mnyoo mwingine ambaye makala yenu haikumtaja kabisa, strongiloidi.

Huyu ni mdogo sana, jike ni milimita mbili tu na kidogo, uzi mtupu, na kumwona kwa macho sahau. Aligunduliwa 1876 na daktari Mfaransa Louis Normand kwenye wanajeshi waliorudi na kuharisha kutoka nchi ambayo leo ni Vietnam. Anaingia kwa kutoboa ngozi kama safura. Ila ana tabia moja ambayo minyoo wengine wengi wa tumboni hawana, anaweza kuzaliana humo humo ndani ya mtu bila kuhitaji udongo tena, mayai yanaanguliwa tumboni, baadhi ya lava wanakomaa kabla hawajatoka, wanatoboa utumbo au ngozi ya karibu na njia ya haja kubwa na kuanza safari upya, mapafu, koo, tumbo, mzunguko unaendelea mwaka hadi mwaka. Askarisi akishaishi mwaka mmoja au miwili anakufa na mchezo umeisha kama hujameza mengine. Huyu mchezo wake hauishi. Askari waliokuwa mateka wa vita kwenye ujenzi wa reli ya Thailand na Burma kwenye miaka ya 1942 na 1943 walikuja kupimwa miaka 30, 40 baadaye wakiwa wazee kwao Uingereza na Australia, na wengine bado walikuwa naye, hajawahi kutoka.

Na muda wote huo mtu anaweza asisikie kitu, au anawashwa ngozi mara moja moja, tumbo linamsumbua kidogo, kifua kinakoroma kidogo, basi anaishi na mambo yake. Kinga ya mwili inamshikilia yule mnyoo idadi yake isizidi. Alafu siku moja yule mtu anaambiwa ana pumu, au ana ugonjwa wa viungo, au kapandikizwa figo, anaandikiwa steroidi, prednisoloni au deksamethasoni. Steroidi zinaishusha ile kinga iliyokuwa inamshikilia mnyoo. Lava wanaongezeka bila breki, maelfu kwa maelfu wanatoboa utumbo kwenda mapafuni, wanabeba na bakteria wa tumboni wanawamwaga kwenye damu, mgonjwa anashindwa kupumua, anakohoa damu, anapata sumu ya damu, pengine mpaka utando wa ubongo. Hali hiyo isipotibiwa karibu wote wanakufa, na hata wakitibiwa wengi hawaponi maana wanachelewa kugundulika.

Sasa muone ubaya wa hapo. Mgonjwa kaanza kwa kukoroma kifua kwa sababu ya mnyoo, kaambiwa ni pumu, kapewa steroidi ya pumu, mnyoo kaongezeka, kifua kimezidi, daktari anaona pumu imekuwa kali anaongeza dozi ya steroidi. Kila mmoja kafanya kazi yake kwa nia njema na mgonjwa anazidi kuzama. Wakati wa Korona, baada ya jaribio la Uingereza la Juni 2020 kuonyesha deksamethasoni inaokoa wagonjwa wanaohitaji oksijeni, dunia nzima ikaanza kuitumia, na madaktari wa magonjwa ya kuambukiza wakapiga kelele kwamba wagonjwa waliowahi kuishi kwenye maeneo ya mnyoo huyu wapimwe au wapewe dawa yake mapema. Makadirio ya walionaye duniani yanafika hadi watu milioni 600, sio ugonjwa wa kona moja huu.

Kumpima nako kuna kazi. Kwenye choo hatutafuti mayai, tunatafuta lava, na wanatoka wachache wachache, ukileta choo mara moja tukaangalia kwa njia ya kawaida tunaweza kumkosa zaidi ya nusu ya wakati. Ndo maana kuna njia nyingine, kwa mfano choo kinawekwa katikati ya sahani ya agari, ule ute mgumu wa kuoteshea bakteria maabara, kinaachwa siku mbili tatu, lava wakiwepo wanatambaa na kuburuza bakteria, unaona njia zao zimechoreka juu ya agari kama nyayo za kuku kwenye udongo mbichi. Kuna na kipimo cha damu cha kingamwili. Mgonjwa akishafika ile hali mbaya hapo kumwona ni rahisi, lava wanajipindapinda kwenye makohozi mbele ya macho yako, lakini kumwona kwa urahisi wakati huo sio habari njema.

Na hapo nataka niwakosoe kwa upole ule ushauri wa kwenye kisanduku kwamba ukimeza dawa ya minyoo kila baada ya miezi kadhaa umemaliza. Ile albendazoli ya dozi moja inafanya kazi nzuri kwa askarisi, kwa safura pia, kwa strongiloidi ni dhaifu mno. Dawa yake ni ivermektini. Najua nikitaja ivermektini kuna watu tayari wameshika simu wanaagiza, naomba watulie. Kwanza sio dawa ya Korona, majaribio makubwa yameshapima hilo na hayakuona faida. Pili kuna mnyoo mwingine anaitwa Loa loa, yuko Afrika ya kati na magharibi, mtu mwenye wengi wa hao kwenye damu akimeza ivermektini bila kupimwa anaweza kupata madhara ya ubongo mabaya sana. Hii ni dawa ya kuandikiwa na mtu anayejua ulikoishi.

Nirudi kwenye TB maana hapo ndo makala ilipojenga nyumba yake. Nakubaliana nanyi asilimia mia, kikohozi cha wiki mbili na kuendelea kapime TB kwanza, TB ni ugonjwa wa watu zaidi ya milioni 10 kwa mwaka duniani na hakuna mnyoo wa mapafu anayeifikia kwa kuua. Mtu asije akasoma barua hii akaacha dawa zake za TB akakimbilia za minyoo, nitakuwa nimefanya dhambi. Hoja yangu inaanzia pale majibu ya TB yanaporudi hamna, na mara ya pili hamna, na mtu bado anakohoa damu.

Kuna mnyoo bapa anaitwa paragonimusi, makao yake ni ndani ya pafu kabisa, sio mpita njia. Aligunduliwa 1878 na Mholanzi Kerbert kwenye chui milia waliokufa kwenye bustani za wanyama za Amsterdam na Hamburg, ndo maana spishi ile ya Asia ina jina la Westerman aliyekuwa mkuu wa bustani ya Amsterdam. Binadamu anampata kwa kula kaa au kamba wa maji baridi wabichi au wasioiva. Na kuiva hapa ni moto jamani, kaa aliyelowekwa kwenye siki, chumvi au pombe ni mbichi bado. Lava anatoka tumboni, anatoboa mpaka kwenye kiwambo, anaingia kwenye pafu, anajijengea kifuko na kutulia humo, anaweza kukaa hata miaka 20. Mgonjwa anakohoa makohozi ya rangi ya kutu yenye damu, kifua kinauma, hali mwili hauporomoki sana, na eksirei inaonyesha mashimo na makovu yanayofanana na TB sana tu. Kwa hiyo anaanzishiwa dawa za TB miezi sita, haponi, anaambiwa TB yake ni sugu, anaongezewa dawa kali zaidi, na masikini mnyoo mwenyewe angeondoka kwa prazikwanteli ya siku mbili tatu. Asia ndo wanajulikana zaidi, lakini Afrika nako wapo, Cameroon na Nigeria wana spishi zao.

Makohozi ya mtu huyo yakija maabara na fomu imeandikwa TB, sisi tunatafuta TB. Ile mashine ya GeneXpert inasoma jeni za bakteria wa TB tu, yai la mnyoo hata liwe kubwa namna gani haliulizwi. Rangi tunazotumia kwenye slaidi ya TB nazo zimekusudiwa bakteria. Mayai ya paragonimusi yanaonekana ukichukua makohozi mabichi ukayaangalia bila mbwembwe, ni makubwa, ya rangi ya dhahabu na kahawia, yana kifuniko upande mmoja, huwezi kumkosa ukijua unamtafuta, na wakati mwingine yako kwenye choo maana mtu anameza makohozi yake. Lakini nani aliandika kwenye fomu tuyatafute? Daktari haandiki kwa sababu mgonjwa hakumwambia kuhusu kaa, na mgonjwa hakusema kwa sababu hakuulizwa. Kwa maoni yangu hapo ndo mnyororo unapokatika, kwenye fomu, hata kabla ya hadubini.

Upande wa pumu kuna kitu kingine kinachofanana nayo mpaka kinachekesha. Wale minyoo wa matende, wanaoenezwa na mbu, kwa watu wachache mwili unawachukia mno wale watoto wao wanaozunguka kwenye damu, unawakamata na kuwaharibu ndani ya mapafu, na vita hiyo ndo inamletea mtu kikohozi cha usiku, kubanwa pumzi, kukoroma kifua, anakonda. Kwenye damu yake hatuwaoni wale watoto, maana wameshakamatwa mapafuni, na miguu yake haijavimba hata kidogo kwa hiyo neno matende halimjii mtu kichwani. Daktari Weingarten aliieleza hali hii kule India mwaka 1943. Alama yake ni zile seli nyeupe nilizosema, eosinofili, zinapanda kupita 3000 kwa kila maikrolita ya damu wakati kawaida haifiki hata 500, na ikitibiwa na dayethilkabamazini kwa wiki mbili tatu mtu anapumua. Ikiachwa miaka, mapafu yanapata makovu na makovu hayo hayaponi tena.

Eosinofili basi. Kama msomaji ataondoka na neno moja la maabara nataka liwe hili. Ni seli nyeupe ambazo mwili unazipandisha ukipambana na minyoo walioingia ndani ya nyama na damu, pia zinapanda kwa aleji, kwa pumu yenyewe na kwa baadhi ya dawa, kwa hiyo zikipanda sio hati ya kukamatwa kwa mnyoo, ni sababu ya kuuliza zaidi. Zinaonekana kwenye kipimo cha kawaida kabisa cha damu, kile kinachohesabu seli zote, wala sio kipimo cha kifahari. Tatizo ni kwamba mashine nyingi ndogo zinagawa seli nyeupe mafungu matatu tu, na eosinofili zinamezwa humo ndani pamoja na nyingine, karatasi ya majibu inatoka safi na kilichokuwa kinatafutwa hakina hata mstari wake. Hapo inabidi mtu wa maabara apake damu kwenye slaidi, aipake rangi, ahesabu kwa macho. Inachukua dakika kadhaa. Wengi wetu tutafanya tukiombwa, tusipoombwa hatufanyi, ndo ukweli, foleni ni ndefu. Na angalizo, mtu aliye kwenye steroidi eosinofili zake zinashuka, na kwenye ile strongiloidi iliyolipuka mara nyingi hazipo kabisa, kwa hiyo zikiwa chini kwa mtu wa namna hiyo usimpige muhuri wa usalama.

Yapo na mengine nitayapitia haraka haraka. Tegu wa mbwa, mayai yake yakimezwa na mtu yanajenga uvimbe wa maji, wa kwanza kwa kupendwa ni ini, wa pili ni mapafu, unakua pole pole miaka na miaka na mtu hajui, siku ukipasuka anakohoa maji ya chumvi chumvi na vipande vya ngozi nyembamba kama maganda ya zabibu, na anaweza kupata mzio wa kumwangusha pale pale. Tiba yake kwa uvimbe wa mapafu mara nyingi ni upasuaji, na kuuchoma sindano ovyo ovyo ni hatari. Iceland walikuwa wanaugua sana huu ugonjwa, kwenye miaka ya 1860 daktari Mdenmarki Krabbe akaandika kijitabu kikagawiwa majumbani bure, kwamba mbwa wasipewe matumbo mabichi ya kondoo, wapewe dawa, matumbo mabovu yafukiwe, na kwa vizazi vichache ugonjwa ukaisha nchi nzima. Nawatajia hiyo nyie watu wa magazeti makusudi.

Kichocho nacho, wiki kadhaa baada ya mtu kuogelea kwenye maji yenye konokono wake anaweza kupata homa na kikohozi kikavu kabla mayai hayajaonekana popote, na miaka mingi baadaye mayai yakivuka ini na kuziba mishipa midogo ya mapafu presha ya mapafu inapanda na moyo wa kulia unachoka, mtu anahema kwa kupanda ngazi tu. Amiba ikitengeneza jipu kwenye ini jipu likapasukia juu, mtu anakohoa usaha wa kahawia. Malaria kali kwa mtoto, anapumua haraka na kwa kina kwa sababu damu imekuwa na asidi, mama anadhani ni nimonia, na kwa mtu mzima mapafu yanaweza kujaa maji hata baada ya dawa kuanza kufanya kazi.

Alafu marekebisho madogo ya kitaalamu, mmeandika kwamba nimonia ile inayowapata wenye UKIMWI, ya pneumosisti, inaletwa na kimelea wa jamii ya amiba. Hapo nawaelewa maana hata wakubwa walikosea, tangu daktari Mbrazili Chagas alipomwona 1909 akamdhania ni hatua ya kimelea mwingine, watu walimweka kwenye kundi la vimelea karibu miaka 80, mpaka 1988 jeni zake ziliposomwa ikaonekana ni fangasi. Ni yeye aliyewaugulisha wale vijana watano wa Los Angeles walioripotiwa Juni 1981, ripoti iliyofungua habari ya UKIMWI. Fangasi wa ajabu kweli, dawa nyingi za fangasi hazimwezi, anauawa na kotrimoksazoli, ambayo ni dawa ya bakteria.

Sasa mgonjwa afanye nini na haya yote, maana najua mtaniuliza. Ukiwa unakohoa na TB haionekani, mwambie daktari mambo asiyoyaona kwenye eksirei: uliishi wapi hata kama ni miaka 20 iliyopita, ulitembea peku kwenye matope, uliogelea wapi, umekula kaa wa mto asiyeiva, unafuga mbwa na wanakula nini, uliwashwa ngozi wiki chache kabla ya kikohozi. Omba eosinofili zihesabiwe. Kama choo kilikuwa safi na kikohozi ni kipya, uliza kama kinafaa kurudiwa baada ya miezi miwili mitatu. Na kama unakaribia kuanzishiwa steroidi za muda mrefu, au unazo tayari, taja jina strongiloidi mwenyewe kwa mdomo wako, daktari mzuri hatakasirika, ila usizikatishe ghafla kwa sababu umesoma barua ya gazetini, steroidi zikikatwa ghafla nazo zinaangusha mtu.

Kwenu Mhariri nina maombi mawili. Kile kisanduku mkirekebishe toleo lijalo, minyoo muwaandike na kwenye mapafu. La pili, mtafuteni daktari bingwa wa kifua mumhoji, msimuulize dalili za pumu maana hizo mmeshazichapa mara nyingi, muulizeni hivi: mgonjwa kabla hajapewa prednisoloni ya miezi, ni nani anayetakiwa kumpima strongiloidi, kwa kipimo kipi, na kama kipimo hakipo hapo alipo anafanyaje. Atakachojibu kichapeni chote, hata kama ni kwamba hakuna anayempima.

Wenu,
Mtu wa maabara